Sanduku la Maswali: Captain Alex na Wenzake kwenye Diski

Safari hii barua nyingi zimeegemea filamu za uhalifu zilizotengenezwa kwa fedha kiduchu, nje ya kampuni kubwa, ambazo zimepata mashabiki wa kufa na kupona na sasa zinauzwa kwenye diski za kutazamia nyumbani.

Kaka yangu yuko Marekani, anataka kuniletea Blu-ray yenye filamu ya Uganda, Who Killed Captain Alex? Deki yangu niliinunua Kariakoo. Itacheza? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kabla hajalipa, ageuze kava atafute kialama chenye herufi A, B au C. Blu-ray imeigawa dunia maeneo matatu: A ni Marekani yote ya Kaskazini na Kusini, Japani na jirani zake, B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia, C ni China, India na Urusi. Deki iliyotengenezwa kwa soko letu ni ya B. Diski yenye herufi zote tatu itacheza bila tabu, yenye A peke yake itakuletea ujumbe wa kukataliwa na hapo ndiyo mwisho.

Kwa DVD mambo ni rahisi zaidi. Deki nyingi za DVD zina menyu ya siri inayofunguliwa kwa namba za rimoti, na ukiweka 0 au 9 zinakubali diski za popote. Kwenye Blu-ray ujanja huo mara nyingi haufanyi kazi. Utahitaji deki iliyokwisha kufunguliwa na fundi. Ukitumia kompyuta, kumbuka kiendeshi cha DVD kinaruhusu kubadili eneo mara 5 tu, na lile la mwisho ndilo linabaki humo daima.

Diski za 4K, zenye picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida, hazifungwi kwa maeneo. Lakini soma vizuri, maana mara nyingi kasha la 4K lina diski ya pili, Blu-ray ya kawaida yenye mahojiano na nyongeza, na hiyo inaweza kufungwa.

Nimeiona Captain Alex YouTube, kisha nikaiona kwenye Blu-ray. Mbona ukungu ni uleule? (Msomaji, Kampala)

Kwa sababu hakuna mahali pa kuutoa usafi zaidi. Mwongozaji wake, Nabwana I.G.G. wa studio ya Wakaliwood, aliirekodi Wakaliga, hapo hapo Kampala, kwa kamera ya video, akaihariri kwenye kompyuta aliyoiunga mwenyewe. Filamu ilipotoka mwaka 2010, alifuta mafaili yake ili apate nafasi ya kazi iliyofuata. Kilichosalia ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie, msimuliaji anayeongea na kutania juu ya filamu inapocheza. Shirika la American Genre Film Archive la Austin, Texas, lilipoitoa mwaka 2019 pamoja na Bad Black kwenye diski moja iitwayo Wakaliwood Supa Action, lilifanyia kazi hicho kilichosalia.

Piga hesabu mwenyewe. Picha ya video ya kawaida ya mfumo wa PAL, unaotumika kwetu, ina nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Picha ya Blu-ray ina 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Ukiikuza ya kwanza ienee kwenye ya pili, nukta nne katika kila tano ni za kubuniwa na mashine. Anayekuuzia filamu ya aina hii kwa kuisifia "4K" anasifia kasha.

Faida ya diski iko kwingine. Kamera ikitikisika huku damu ya kompyuta inaruka na bunduki zinamulika, mkondo mwembamba wa intaneti huivunja picha kuwa vibonge vya mraba. Video ya DVD ina kikomo cha megabiti 9.8 kwa sekunde, ya Blu-ray inafika 40, kwa hiyo vurugu ile inapita bila kuvunjika. Kwenye runinga yako zima kitu kinachoongeza makali na kile kinacholainisha mwendo. Hivyo viwili ndivyo vinavyoiharibu zaidi filamu hii, kwa sababu vinakuza kasoro za video kuliko sura za watu.

Naweza kuizima sauti ya VJ? (Msomaji, Nakuru)

Huwezi. Imechanganywa na milio ya risasi, muziki na mazungumzo katika mkondo mmoja. Programu za kutenganisha sauti zitamng'oa VJ pamoja na waigizaji, kwani zote ni sauti za binadamu. Aliyekulia vibanda umiza, au anayemjua DJ Afro, msimuliaji wa filamu wa Kenya, hatalalamika sana.

The Harder They Come kwenye Blu-ray imejaa chengachenga kama mchanga. Runinga yangu mbovu? (Msomaji, Mombasa)

Runinga ni nzima. Filamu hiyo ya Perry Henzell ya mwaka 1972, ambamo Jimmy Cliff ni kijana wa shamba anayegeuka jambazi mjini Kingston, ilipigwa kwa filamu ya milimita 16 na kukuzwa hadi 35 kwa ajili ya majumba ya sinema. Fremu ya milimita 16 ina upana wa kama milimita 10 na kimo cha 7.5, eneo lake halifiki robo ya fremu ya 35. Punje za kemikali ni zilezile, ila zinakuzwa zaidi ili zijaze ukuta. Toleo la kampuni ya Shout! Factory la 2019 lilitokana na negativu ya asili ya milimita 16, iliyoskaniwa kwa 4K, ndiyo maana unaziona punje moja moja badala ya tope.

Usiwashe kipunguza chembe cha runinga. Kitafuta punje, na pamoja nazo vinyweleo, nyuzi za shati na kutu ya mabati. Nyuso zitang'aa kama nta.

Hitilafu za kweli zina sura nyingine. Punje hubadilika kila fremu na kuenea picha nzima. Vibonge vilivyoganda penye giza ni ubanaji mbaya wa faili. Vinukta vyeupe vinavyochomoza na kupotea ovyo huwa ni kebo ya HDMI, ibadilishe kwanza kabla ya kumwita fundi.

Mtaani wanauza "Blu-ray" za filamu hizi kwa bei ya DVD. Nitajuaje kama ni za kweli? (Msomaji, Arusha)

Itie kwenye kompyuta. Blu-ray halisi ina folda iitwayo BDMV. Ukikuta VIDEO_TS, hiyo ni DVD iliyovishwa kava ya buluu. Geuza pia: diski ya kiwandani hung'aa rangi ya fedha, DVD iliyochomwa kwa kompyuta huwa na zambarau.

Mwaka 2006 tulitengeneza filamu ya genge la wezi wa magari. Master, yaani nakala kuu iliyohaririwa, imepotea, ila kanda za MiniDV tunazo. Tunataka kuitoa upya. (Msomaji, Tanga)

Mko mbele ya Wakaliwood hapo. Anzeni na kanda, na msiziguse kwa pupa. Kanda yenye utando mweupe kwenye ukingo ina ukungu wa kuvu. Ukiicheza utaupeleka kwenye hedi za mashine (vichwa vinavyosoma kanda), nao utaambukiza kanda zilizobaki. Hiyo iende kwa fundi wa kusafisha.

Kanda nzima pelekeni mbele hadi mwisho, rudisheni mwanzo, ndipo mcheze. Unganisheni kamera na kompyuta kwa waya wa data wa FireWire, siyo kwa waya wa RCA wa njano. FireWire inanakili data ileile iliyoandikwa kwenye kanda; waya wa njano unaigeuza kuwa analogi na rangi zinavuja. Saa moja ni kama gigabaiti 13. Zikitokea kamba za vibonge picha nzima, pitisheni kanda ya kusafishia hedi kwa sekunde chache na mrudie kipande hicho. Kanda iliyorekodiwa kwa LP, yaani mwendo wa polepole, ili iingie dakika 90 mara nyingi husomeka vizuri kwenye kamera ileile tu iliyoirekodi, kwa hiyo itafuteni hata kama imefia kabatini.

Hifadhini mafaili hayo kama yalivyo kwenye diski ngumu mbili za kompyuta, zikae nyumba mbili tofauti. Hariri mpya ifanyike kwenye nakala. Kila fremu ya kanda hizi ni nusu mbili za picha zenye mistari iliyopishana; msiiondoe mistari hiyo kwa kutupa nusu moja. Tumieni kichujio kinachotoa fremu 50 kwa sekunde, mwendo utabaki wa asili.

Kuhusu diski, mashabiki 100 hawahitaji kiwanda. Blu-ray ya kiwandani lazima iwe na AACS, kinga ya kuzuia kunakiliwa, yenye ada zake, na viwanda hupokea oda za mamia. Chomeni DVD kwa kasi ya 4x: dakika 90 kwa megabiti 6 kwa sekunde ni gigabaiti 4 na ushee, inatosha kwenye diski ya 4.7. Msibandike stika ya karatasi juu, inapinda kwa joto na deki inapoteza usomaji dakika za mwisho. Nunueni diski zinazochapika kwa printa.

Muziki ndio utakaowakwamisha. Kama mliweka nyimbo za watu mwaka 2006 bila karatasi, zibadilisheni sasa au mpate kibali cha maandishi cha wenye nyimbo. Na kama sauti ya muziki imechanganywa ndani ya mazungumzo ya kanda, kwa mfano redio ikilia ndani ya gari, sehemu hiyo itabidi iingizwe sauti upya.