Ulinunua soda, chupa uliazimwa

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: zamani dhamana ya chupa za soda ilikuwaje, na pesa ile ilibaki kwa nani?

Chupa ikirudi, pesa haikubaki kwa yeyote. Chupa ilikuwa mali ya kiwanda. Wewe ulinunua kilichomo ndani. Kiwanda kilimtoza muuzaji wa jumla dhamana ya chupa na ya kreti, naye akamtoza mwenye duka, mwenye duka akakutoza wewe. Tupu ziliporudi, pesa ilirudi kwa njia ile ile. Wengi wala hawakuitia mkononi: unakwenda na tupu, unarudi na iliyojaa, unalipa soda tu. Aliyenywea pale pale dukani hakudaiwa dhamana, ila muuzaji hakumwondolea macho mpaka amalize.

Mambo haya ni ya kale. Mwaka 1800 watengenezaji wa maji ya soda wa Dublin, A. & R. Thwaites, walikuwa wakitoza dhamana ya shilingi 2 kwa dazeni ya chupa. Marekani, katikati ya karne ya 20, soda ya senti 5 ilikuwa na dhamana ya senti 2. Si haba! Mtoto aliyeokota chupa tatu mtaroni alipata soda na senti moja ya juu, mradi ainywee hapo hapo.

Kazi ilikuwa kwenye kupokea. Mwenye duka makini alipitisha kidole mdomoni mwa chupa kutafuta pengo, kisha akainusa, maana chupa iliyowekwa mafuta ya taa iliharibu soda ya mtu mwingine. Chupa kongwe uliijua kwa mkanda mweupe begani, alama ya kusuguana na wenzake mashineni safari baada ya safari. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa chupa ya kuheshimiwa.

Makopo na chupa za kutupa vilipoingia, dhamana ilififia na takataka zikajaa barabarani. Jimbo la Oregon, Marekani, likapitisha sheria mwaka 1971 kuirudisha, senti 5 kwa kopo la bia au soda. Jina likawa lile lile, lakini kopo hilo halikurudi kujazwa. Lilikwenda kuyeyushwa.