Sista Anajibu: Wakifungua kifua kwa ajili ya vali, watengeneze na mapigo?

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi ni dalali wa mahindi hapa Kibaigwa, nina miaka 52. Tangu mwaka juzi moyo unakwenda mbio, unasita, kisha unaruka. Nikitembea toka stendi hadi sokoni pumzi inakata. Dodoma mjini nimepimwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na ECHO (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), wakasema vali ya upande wa kushoto imesinyaa na pia inavuja sana, na mapigo hayana mpangilio. Natumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Sasa nina rufaa ya Dar es Salaam kubadilishwa vali, na bingwa amesema humo humo watauchoma moyo ili mapigo yatulie. Mpwa wangu amesoma kwenye simu kwamba siku hizi wanapitisha waya pajani, hakuna kupasuana. Sokoni wananiambia moyo ukichomwa haurudi. Je, nikubali? Na nikishapona, wafarini naacha? Mke wangu amenipiga marufuku mlenda, nimechoka. (Dalali, Kibaigwa)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mimi ni muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji, si bingwa wa moyo, kwa hiyo neno la mwisho ni la waliokupima. Ila hao wa sokoni kwako waachie bei ya mahindi.

Amri ya moyo kupiga hutoka sehemu moja, juu kwenye chumba cha juu cha upande wa kulia, ikashuka kwa njia yake mpaka vyumba vya chini. Vali ikisinyaa, damu hurundikana nyuma yake, chumba cha juu kushoto kinatanuka, na nyama yake iliyovutika inaanza kujitolea amri yenyewe, hasa pale mishipa ya kutoka mapafuni inapoingilia. Umewahi kufika mnada wa Msalato ng'ombe wakiwa hawajaingizwa zizini? Kila mmoja na njia yake. Anachofanya mpasuaji ni kujenga uzio, ili wapite kwenye kichochoro kimoja kuelekea mzani. Uzio wenyewe ni makovu, maana kovu halipitishi umeme wa moyo. Huko ndiko "kuchoma" kwenyewe: mistari myembamba kwenye kuta za vyumba vya juu. Moyo mzima hauguswi.

Aliyeanzisha ni Daktari James Cox wa Marekani, mwaka 1987, mjini St. Louis. Upasuaji wenyewe unaitwa Cox-Maze. Enzi hizo mistari yote ilikatwa kwa kisu na kushonwa upya, kazi ndefu mno, na wapasuaji wengi waliikwepa. Sasa mingi huwekwa kwa kibanio chenye joto la mawimbi ya redio, au kwa kifaa cha baridi kali, nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi. Wakati huo huo hufunga kile kijifuko cha pembeni mwa chumba cha kushoto, ambako damu iliyotuama huganda na kusababisha kiharusi. Mimi ningekubali kwa ajili ya hicho kijifuko tu, hata kama mapigo yasingetulia.

Mpwa wako hajadanganya. Mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba vurugu nyingi huanzia kwenye mishipa hiyo ya mapafu, na tangu hapo wengi wametibiwa kwa waya unaopitia kwenye mshipa wa paja. Lakini waya huo hautabadilisha vali yako. Vali iliyosinyaa tu wakati mwingine hupanuliwa kwa puto, bila kufungua kifua. Yako inavuja sana, na puto lingeongeza uvujaji. Kifua kitafunguliwa kwa vyovyote. Mtu ambaye vali zake ni nzima nisingemwambia aanze na kupasuliwa kifua.

Sasa yasiyopendeza. Upasuaji unarefuka, na wapo wanaotoka wakihitaji kuwekewa betri ya moyo. Chumba kilichotanuka sana, tuseme kuzidi sentimita 6, au mapigo yaliyovurugika kwa miaka mingi, hupunguza matumaini ya kutulia. Kwa hiyo muulize bingwa: chumba changu kina sentimita ngapi? Jibu limeandikwa kwenye karatasi yako ya ECHO. Na miezi 3 ya mwanzo moyo ukirukaruka usikate tamaa. Makovu bado yanakomaa, na madaktari hawahesabu kuwa kazi imeshindikana.

Wafarini huachi. Ukiwekewa vali ya chuma utaimeza maisha yako yote, mapigo yatulie yasitulie. Vali ya mnyama inaweza kukupunguzia mzigo, lakini huchakaa, na kuacha dawa ni uamuzi wa kliniki baada ya vipimo. Usije ukanunua dukani zile dawa mpya zisizohitaji kupima damu. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2022 ulihusu wagonjwa kama wewe, walioharibiwa vali na homa ya baridi yabisi, na waliotumia dawa za jamii ya wafarini walikufa wachache kuliko waliopewa dawa mpya.

Mlenda kula! Mwambie mkeo Sista karuhusu. Majani yana vitamini K, inayopingana na wafarini, kwa hiyo ubaya uko kwenye kula bakuli zima leo na kukaa wiki mbili bila. Kula kiasi kile kile kila wiki, na mlenda wa kukausha upime kijiko kwa sababu umekolea. Dozi itapangwa kufuata chakula chako, wakikupima INR, yaani kasi ya damu yako kuganda. Cha kuogopa zaidi ni diklofenaki za kununua duka la dawa mgongo ukiuma, na mizizi ya kuchemsha ambayo hujui inafanya nini kwenye damu.

Kabla ya safari nenda kwa daktari wa meno. Jino bovu hupeleka vijidudu kwenye vali mpya, na nimeona upasuaji ukiahirishwa kwa ajili ya jino tu. Uliza pia ni siku gani usimamishe wafarini, usijikadirie. Ukirudi, mfupa wa kifua unahitaji kama miezi 3 kuunga, kwa hiyo gunia la kilo 100 hata kulisukuma usilisukume. Udalali ni wa mdomo, utaendelea. Treni ya umeme inatoka Dodoma kila siku. Panda hiyo badala ya kukaa kwenye basi siku nzima, na karatasi za ECHO na ECG zishike mkononi.