Anzeni na korido ya nyumba ya kupanga

Swali la wiki hii ni hili: halmashauri zikitunga sheria ndogo za kuwakinga watu na moshi wa sigara wa wenzao, zianzie wapi? Najua wengi watataja stendi, daladala na baa. Mimi nasema zianzie kwenye korido ya nyumba ya kupanga.

Naishi Mabatini, hapa Mwanza, kwenye nyumba ya vyumba sita iliyoegemea jabali. Anayeujua mji huu anazijua nyumba zetu za mlimani: mbele ngazi za mawe, nyuma mwamba, na dirisha la nyuma linatazama jiwe. Korido inapita katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule. Dari hakuna. Ukuta unaishia pale mtu mrefu akinyoosha mkono anapagusa, halafu ni uwazi mpaka kwenye bati. Redio ya jirani ndiyo redio yangu, vitunguu anavyokaanga ninavinusa, na sigara akiiwasha mlangoni kwake, moshi umeshafika kitandani kwa mwanangu kabla hajaimaliza.

Mwanangu ana miaka minne. Mwaka jana alianza kukohoa usiku, kifua kinapiga mluzi. Mara ya tatu nilipompeleka hospitali, daktari aliniuliza, "Mama, nyumbani nani anavuta sigara?" Nikajibu haraka kwamba hakuna. Mimi sivuti, baba yake havuti. Nikarudi na dawa ya kupuliza na lile swali kichwani.

Nikaanza kuangalia. Mlango unaotazamana na wangu alikuwa anakaa mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika na wavuvi hukaa nyumbani siku kadhaa. Kumbe kikohozi cha mwanangu kilikuwa kinakwenda na mwezi! Wakati wa giza, jirani akiwa ziwani, mtoto analala mpaka asubuhi. Mbalamwezi ikirudi, jirani anaweka kigoda koridoni, anavuta, anapiga soga nasi vizuri kabisa, na saa nane za usiku mimi namkalisha mtoto apate pumzi. Nilitia alama kwenye kalenda ya ukutani kwa miezi mitatu. Alama zilirundikana kwenye siku za mwezi mpevu.

Sisemi kwamba sigara zile ndizo zilizompa pumu. Lakini moshi wa sigara ya mtu mwingine huiamsha pumu ya mtoto, humwongezea maradhi ya kifua na ya masikio, na wataalamu wamekwisha kusema kwamba hakuna kiwango chake kilicho salama. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kila mwaka zaidi ya watu milioni 1 wasiovuta hufa kwa sababu ya moshi huo. Kufungua dirisha hakuuondoi, sembuse dirisha linalotazama jiwe.

Nilimweleza jirani. Alinyamaza, akaomba radhi kama mtu aliyeumia kweli, na tangu siku ile akawa anakwenda kuvutia kule chini kwenye ngazi, hata mvua ikinyesha. Mtoto akapata nafuu. Baada ya miezi minne jirani akahamia visiwani, chumba akaingia mwingine, na huyu aliniambia kwamba analipa kodi kama mimi. Nilipopeleka jambo kwa kiongozi mmoja, nilijibiwa kwamba hayo ni ya ndani ya nyumba, tukaelewane.

Hapo ndipo ninapobisha. Nchi yetu ina sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tangu 2003, na mwaka 2007 iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku. Sheria hiyo inazungumzia sehemu za umma, na mtu akisikia hivyo anafikiria hospitali na ofisi. Korido yetu si ofisi, lakini si chumbani kwa mtu pia. Tunaifagia kwa zamu. Tena ina amri zake tayari: jiko la mkaa haliwashwi koridoni, linawashiwa uani, kwa sababu kila mwenye nyumba anajua moshi wa mkaa unaua. Hakuna mpangaji aliyewahi kusema ameonewa kwa kuambiwa atoe jiko nje.

Basi sheria ndogo iitaje korido kwa jina lake, pamoja na choo cha wote na kibaraza kilicho chini ya dirisha la mtu. Mwenye nyumba aiandike kwenye mkataba wa upangaji na aonyeshe mahali pa kuvutia palipo mbali na milango. Wenzetu wa Uganda, kwa sheria yao ya 2015, wamekataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Mlimani kwetu mita 50 ni uani kwa mtu wa nne, kwa hiyo siombi hilo. Anayekosea aonywe kwanza. Akirudia alipe faini ndogo kwa stakabadhi ya halmashauri, isipite mkononi mwa mgambo, maana tunajua inavyokuwa.

Kijijini mambo yangekuwa mepesi zaidi, kwa kuwa halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo yake na kuipeleka wilayani ikubaliwe. Wanaolala kwenye vibanda vya kambi za uvuvi huko visiwani wangeweza kuanza hata kesho. Mjini mtaa hauna uwezo huo. Lazima ipite baraza la madiwani, iidhinishwe na waziri, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Na hapa kwetu halmashauri ni mbili, Jiji na Manispaa ya Ilemela, kwa hiyo watu wa Kirumba nao wana kazi yao ya kufanya.

Nimeandika maombi ya kupeleka kwenye mkutano wa mtaa, yamfikie diwani. Mpaka jana usiku yalikuwa na sahihi kumi na moja za wapangaji wa nyumba tatu zinazopakana. Watatu kati yao wanavuta.