Kura moja, kura tisa: majibu kwa wapenzi wa hadithi za juri

Wasomaji wa riwaya za mahakamani, na wanaotaka kuziandika, wametuuliza juu ya zile hadithi ambamo mtu anawachezea kwa siri raia wanaokata kesi Marekani.

Hapa kwetu kesi inakatwa na zuzi. Hao wanajuri ni watu gani? (Ibanda, Bukavu)

Ni raia wa kawaida: fundi, muuguzi, mwenye duka. Majina yao yanatolewa kwa bahati nasibu katika orodha kama ile ya wapiga kura au ya wenye leseni za kuendesha gari. Zuzi anaongoza kesi na kuwaeleza sheria. Wao wanaamua nini kilitokea. Wabelgiji nao wana wanajuri 12 kwenye "cour d'assises" yao, mahakama ya jinai nzito. Kongo haina.

Mchezo unaanza lini hasa? (Goma)

Kabla shahidi wa kwanza hajaapa, na hapo ndipo waandishi wengi wanapita mbio, wakati utamu wote uko hapo. Watu walioitwa wanahojiwa mbele ya mawakili. Wakili akionyesha kwamba mtu ana upendeleo, zuzi anamwondoa, na kuondoa kwa namna hiyo hakuna kikomo. Kisha kila upande una nafasi chache za kumkataa mtu bila kutoa sababu: katika kesi ya madai ya mahakama za shirikisho ni 3 tu. Fikiria wakili aliyekwisha kutumia 2, na viti viwili vinamtia shaka. Ukurasa huo mmoja unatosha kumkosesha msomaji usingizi.

Kuchunguza si kosa. Wakili anaweza kusoma ukurasa wa wazi wa mwanajuri kwenye intaneti. Chama cha mawakili cha Marekani kilisema hivyo mwaka 2014. Lakini akimwomba urafiki ili aone yaliyofichwa, amevuka mpaka. Hongo na vitisho ni jinai moja kwa moja. Mhusika wako asiruke toka hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Mpandishe ngazi kwa ngazi, mkono ukianza kutetemeka.

Tena usimwingize mtu wako ndani ya juri kama anayepanda basi. Bahati nasibu inamzuia. Lazima mtu aguse orodha, na huyo kwa kawaida ni karani. Basi karani ndiye apewe sura nzima.

Mla njama anahitaji kununua wanajuri wangapi? (Kamalondo, Lubumbashi)

Inategemea kesi. Katika jinai nzito wote lazima wakubaliane; tangu 2020 Mahakama Kuu ya Marekani imelazimisha hivyo katika majimbo yote. Kwa hiyo mmoja mkaidi anazuia hukumu. Ila hajamwachilia mshitakiwa! Kesi imekwama tu, na inaweza kuanzishwa upya na wanajuri wengine. Kosa hili tunalikuta mara nyingi mno.

Kesi ya madai ni hesabu nyingine. Huko Mississippi na California kura 9 kati ya 12 zinatosha. Anayetaka kushinda anatafuta 9. Anayetaka kukwamisha, 4 zinamtosha. Ufaransa, katika jinai nzito, wanajuri 6 wanaketi pamoja na mazuzi 3, na kumtia mtu hatiani kunadai angalau kura 7. Kila mmoja anaandika kwenye karatasi na kuikunja. Zikishahesabiwa, karatasi zinachomwa palepale. Ushahidi wa nani aliuza kura yake unageuka majivu mbele ya macho yao.

Njama ikigunduliwa katikati ya kesi? (Goma)

Zuzi anamhoji mwanajuri faraghani, na akiona ameguswa anamtoa. Nafasi yake inachukuliwa na mwanajuri wa akiba, aliyesikiliza kila neno tangu siku ya kwanza. Mwandishi akisahau watu wa akiba, njama yake inavuja kama jerikani lililotoboka. Baada ya hukumu, mwanajuri haruhusiwi kutoa ushahidi juu ya mabishano ya ndani ya chumba, lakini anaruhusiwa kusema kwamba mtu wa nje alimfuata. Bahasha ya pesa inaweza kuangusha hukumu. Hoja mbovu haiwezi.

Nataka hadithi yangu iwe Lubumbashi. Nifanyeje bila juri? (Lubumbashi)

Usiazime wale 12. Chukua "tribunal de commerce": zuzi mmoja wa kazi, na pembeni yake wafanyabiashara wawili wanaoitwa "juges consulaires". Kura mbili kati ya tatu zinakata kesi. Hao wawili wana maduka, madeni na wateja mjini humohumo, kwa hiyo shinikizo halihitaji bunduki. Muuzaji wa jumla akikataa kuwakopesha saruji, wameelewa. Upande wa pili una silaha yake, kuomba zuzi aondolewe kwa upendeleo, yaani "récusation". Na kwa kuwa Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, kesi ya sheria zake ikitoka kwenye rufaa haiendi Kinshasa, inaenda kwenye mahakama ya umoja huo huko Abidjan. Ukiandika sura hiyo, mnunuzi wa kura aliyekwisha kulipa watu wawili aione faili ikifungwa kamba, tayari kupelekwa mahali asikomjua mtu.