Usitie saruji kwenye ukuta wa hempu, hata koleo moja

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema unaongeza chumba nyuma ya nyumba huko Uingereza, kuta za hempu (mmea wa jamii ya bangi, shina lake hukatwakatwa) na chokaa, na muuzaji wa vifaa amekushauri uongeze mifuko miwili ya saruji "ukuta ushike haraka", kisha nje upige lipu ya saruji. Ushauri huo huo niliupokea na ukuta ukabomolewa wote. Inauma kuona bado wanausambaza. Anayeutoa ana saruji ya kuuza, na ukishaharibikiwa hapokei simu.

Sababu ni hii. Vipande vya hempu ni kiini cha shina, vinafyonza maji kama sponji. Saruji nayo inayataka maji hayo hayo ili ikomae, na hempu inaiwahi. Juisi za mmea pia zinachelewesha saruji kushika. Juu juu chokaa inapata hewa na kukaza, ila katikati panabaki unga. Chomeka bisbisi: sentimita mbili za mwanzo ni ngumu, halafu inazama hadi kwenye mpini na vumbi la kijivu linamwagika chini. Hakuna dawa hapo, unabomoa.

Lipu ya saruji nje ndiyo inamalizia. Unyevu wa ukuta unakosa pa kutokea, fremu ya mbao inaanza kuoza ndani kwa ndani, na lipu inabanduka vipande vipande. Piga lipu ya chokaa pande zote mbili.

Na kama nia yako ni kupunguza kaboni, piga hesabu. Mita moja ya ujazo inakula kilo 100 hivi za hempu. Karibu nusu ya uzito wake mkavu ni kaboni, yaani zaidi ya kilo 160 za hewa ya ukaa zimefungiwa ukutani. Lakini kila kilo ya chokaa ya unga ilishatoa karibu kilo 0.6 za hewa hiyo kwenye tanuri, bado kuni au gesi ya kuichomea. Sehemu yake chokaa inaifyonza tena polepole inapokaza hewani. Faida ni nyembamba, na saruji unayoongeza inaila.

Changanya hivi: kilo 100 za hempu kwa kilo 200 hadi 220 za chokaa. Robo tatu yake iwe CL90 (chokaa safi ya unga, inayokaza kwa hewa), inayobaki iwe NHL 3.5 (chokaa ya asili inayokaza kwa maji) na metakaolini (unga wa udongo mweupe uliochomwa). Koroga chokaa na maji kwanza hadi uji, ndipo umwage hempu. Mashine ya ngoma inatengeneza mabonge, tafuta ile ya sufuria bapa. Finyanga konzi moja: ishikamane, ukiigusa kwa kidole ivunjike, maji yasichuruzike. Jaza kwenye fomu (mbao za kushikilia mchanganyiko) tabaka la sentimita 15, shindilia pembeni tu kwa mkono. Usitwange.

Paa libebwe na fremu, kwa sababu nguvu ya ukuta huu haifiki MPa 1 (kilo 10 hivi kwa kila sentimita ya mraba). Ukuta wa sentimita 30 uupe wiki sita hadi nane kabla ya lipu, na usimwage kukiwa na baridi chini ya nyuzi 5.

Kwenye mfuko, HL si NHL: HL nayo inakaza kwa maji, ila inaruhusiwa kuwa na saruji ndani. Kabla hujalipa, piga picha ya nyuma ya mfuko uiweke hapa tuisome.