Pinga, Sedna na Wenye Wanyama: Maswali Yenu ya Wiki Hii

Maswali ya wiki hii karibu yote yanahusu Wainuit, watu wa nchi za barafu kuanzia Alaska, kupitia kaskazini mwa Kanada, hadi Greenland. Naona kuna orodha inayozunguka mitandaoni ya miungu wao wa kike, huyu wa uwindaji, yule wa tiba, mwingine wa bahari, kila mmoja na idara yake kama baraza la mawaziri. Orodha hiyo ni safi mno. Twende swali kwa swali.

Nimesoma kuna mungu wa uwindaji aitwaye Pinga. Jina hilo lina undugu na "kupinga" kwetu? (Msomaji, Tanga)

Hapana ndugu yangu, ni sadfa tu, ingawa ni sadfa tamu. Pinga maana yake ni "yule wa kule juu". Inuktitut, lugha ya Wainuit wa Kanada, ina vionyeshi vingi kuliko huyu, huyo na yule wetu: aliye juu ana chake, aliye chini chake, aliye ndani chake. Kwa hiyo Pinga si jina la kupewa mtu kama Asha au Neema. Ni kumwonyesha mtu aliko, basi.

Anatajwa zaidi na Wainuit wa bara, magharibi ya Ghuba ya Hudson, ambao maisha yao yalitegemea karibuu. (Karibuu, si karibu ya kuitikia hodi: ni mnyama wa jamii ya kulungu, ambaye hata jike lake huota pembe.) Nyama yake chakula, ngozi yake nguo na hema, kano zake uzi. Mtafiti Knud Rasmussen, mzaliwa wa Greenland, alifika kwao mwaka 1922, na wazee wakamweleza kwamba Pinga anawaangalia wanyama na hapendi karibuu wauawe ovyo. Ukishaua, damu na matumbo lazima uvifunike, visibaki vimetapakaa. Basi kama angekuwa anajua Kiswahili jina lingemfaa: anapinga uroho.

Sedna ni nani, na ile habari ya vidole ni kweli inasimuliwa hivyo au imetiwa chumvi? (Mwalimu, Kisumu)

Mwalimu, haijatiwa chumvi hata kidogo. Masimulizi yanayojulikana zaidi ni yale aliyoyakusanya Mjerumani Franz Boas katika Kisiwa cha Baffin mwaka 1883 na 1884, akayachapisha 1888. Msichana alikataa wachumba wote, mwisho akaja ndege wa baharini akamwimbia: kwetu utalala juu ya ngozi laini za dubu, hutakosa nyama wala mafuta ya kuwashia taa. Kufika huko, hema ni la ngozi za samaki, limejaa matundu, upepo na theluji vinaingia. Kitanda ni ngozi ngumu, na chakula ni samaki wabichi.

Mwaka uliofuata baba yake akaja kumtembelea, akakuta hali hiyo, akamuua mkwe na kumpakia binti kwenye mashua. Ndege wenzake marehemu wakaivumisha dhoruba. Baba, kwa kuhofia maisha yake mwenyewe, akamtupa binti majini. Binti akang'ang'ania ubavu wa mashua, baba akatoa kisu. Vipande vya kwanza vya vidole vikawa nyangumi, vya pili wakawa sili (wanyama wa baharini wanaowindwa kwa chakula), na vigutu wakawa sili wale wakubwa. Wengi huishia hapo, lakini Boas anaendelea. Bahari ilipotulia, baba alimrudisha mashuani kana kwamba hakuna lililotokea. Naye hakusahau: walipofika nyumbani aliwaita mbwa wake wakamtafuna baba mikono na miguu akiwa usingizini, kisha nchi ikafunguka ikawameza wote. Tangu hapo anakaa chini, na wanyama wote wa baharini ni wake.

Jina Sedna limetamba kwa sababu ndilo lililoingia kwenye kitabu cha Boas. Wanetsilik, kundi mojawapo la Wainuit wa Kanada, humwita Nuliajuk, na kwao alikuwa yatima aliyetupwa majini na watu wa kambi yake, hakuna ndege wala mume. Huko Igloolik, pia Kanada, ni Takannaaluk, "yule wa kutisha kule chini". Greenland ni Sassuma Arnaa, mama wa kilindini. Linalonipendeza mimi ni la Greenland ya kaskazini kabisa, Nerrivik, "mahali pa kula". Hakuna hofu wala heshima ndani yake, ni njaa tupu inayosema.

Usimfikirie kama mungu wa kuombwa. Watu walimwogopa. Makosa yao, hasa ya kuvunja miiko, humwangukia kama uchafu na kunasa kwenye nywele zake, na kwa kuwa hana vidole hawezi kujichana. Akikasirika huwafungia sili, kambi inakaa na njaa. Hapo mganga hushuka kwa roho hadi chini ya bahari, akazichana zile nywele na kumtuliza. Juu, watu wamekaa ndani ya nyumba ya theluji, taa zimezimwa, macho yamefumbwa. Mganga akirudi wanaanza kuungama mmoja mmoja: huyu alikula nyama iliyokatazwa, yule alificha mimba iliyoharibika. Aua, mganga aliyemsimulia Rasmussen mambo haya, alipoulizwa wanaamini nini alijibu kwamba hawaamini, wanaogopa.

Kwa hiyo Pinga ndiye mungu wa tiba? Na waganga wao walitibuje? (Msomaji, Mombasa)

Cheo cha "mungu wa tiba" ni cha mitandaoni. Walichosema wazee ni kwamba Pinga anazitunza roho za walio hai, kwa hiyo anayetaka uganga humtafuta. Igjugarjuk, mganga mashuhuri wa hao watu wa karibuu, alisimulia kwamba alifungiwa katika kibanda kidogo cha theluji siku 30, katikati ya baridi kali. Baada ya siku tano za mwanzo aliletewa maji ya uvuguvugu tu, na mwishoni ndipo akatokewa na mwanamke kutoka kwa Pinga, akawa roho yake msaidizi.

Mganga huitwa angakkuq, na anaweza kuwa mwanamume au mwanamke. Njia moja ya kupiga ramli ni hii: mgonjwa amelala, kichwa chake kinafungwa ukanda wa ngozi, na mganga anauliza huku akikiinua. Kikiwa chepesi jibu ni hapana. Kikiwa kizito kisichonyanyuka, ni ndiyo. Swali kubwa ni kosa gani limetendwa, na nani amelitenda. Dawa yenyewe mara nyingi ilikuwa kulisema kosa hadharani.

Nasikia mama wa Kiinuit anaweza kumwita mtoto wake mchanga "baba". Ni kweli? (Mama Zuhura, Morogoro)

Kweli kabisa, mama, na sidhani wewe utashangaa sana, maana hata kwetu mtoto aliyerithi jina la babu huitwa babu na nyumba nzima. Tofauti ni kwamba kwa Wainuit jina, atiq, ni roho pia. Mtu akifa jina linangoja mtoto, na likishamwingia, mtoto huyo ni yeye. Majina hayana kiume wala kike, kwa hiyo binti anaweza kuwa wajina wa babu yake mzaa mama. Hapo mama anamwita "baba yangu", bibi anamwita "mume wangu", na mtoto anakua akijua kwa kila mtu yeye ni nani. Mtoto akilia bila kunyamaza, wazee husema anadai jina lake. Katika baadhi ya sehemu wajina huitwa sauniq, yaani mfupa.

Sasa fikiria serikali ya Kanada ilivyokutana na watu hawa wasio na majina ya ukoo. Kuanzia mwaka 1941 iliwapa vipande vya duara vyenye namba, vya kuvaa shingoni, herufi E kwa wa mashariki na W kwa wa magharibi. Kwenye karatasi za serikali mtu akawa namba. Kati ya 1968 na 1971 Abraham Okpik, Muinuit mwenyewe, alizunguka kambi na vijiji akiitaka kila familia ichague jina la ukoo. Vipande hivyo vilikwisha, lakini watu ambao jina lao lilikuwa la mtu mmoja na roho moja wakajikuta wakirithisha la baba kwa watoto wote.

Je, kusema Waeskimo ni kosa? (Msomaji, Kampala)

Kanada na Greenland wengi hawalitaki. Semeni Wainuit, mmoja ni Inuk.

Sedna si sayari? (Mwanafunzi, Dodoma)

Ni gimba dogo la mbali sana, liligunduliwa Novemba 2003. Linazunguka jua mara moja kwa miaka kama 11,000. Wagunduzi waliona mahali penye baridi kama pale panamfaa mkazi wa bahari ya barafu. Sayari ya Zohali nayo ina mwezi uitwao Siarnaq, ambalo ni jina lingine la mwanamke huyuhuyu.

Nimejifungua binti. Nataka kumwita Sedna, mume wangu anasita. (Dada, Doha)

Hongera sana, dada. Mtoto ni wenu, mimi sina kura. Ila siku binti akiuliza jina lake lilitoka wapi, itabidi umweleze habari ya baba mwenye kisu, na nadhani ndicho kinachomsitisha mwenzio. Kama ni ladha ya kaskazini mnayoitaka, huko Greenland wasichana wengi huitwa Ivalu. Maana yake ni uzi wa kano, ule wa kushonea mavazi ya ngozi, unaovimba ukilowa na kuziba tundu la sindano maji yasipenye. Mpelekee mume wako jina hilo usikie atasemaje.