Nyie mliokuja fildi, "mteja ametulia" mnaandikaga kwa kigezo gani?

Wadogo zangu mlioripoti mwezi huu karibuni Mbeya, sweta nunueni Mwanjelwa mitumbani mapema. Sasa tuongee. Nimepitia mafaili ya wiki hii ya wateja wenye kiwewe, yaani waliojeruhiwa akili na matukio mabaya, na kila nikifungua nakuta "mteja ametulia, aruhusiwe". Nani kawaambia kutulia ndo kupona? Wenzenu wa mwaka jana waliandika hivohivo, nahisi hii sentensi mnarithishana huko hosteli.

1. Jueni mnachotafuta. ICD-11, ile orodha ya magonjwa ya WHO, imeanza kutumika Januari 2022 na humo CPTSD, kiwewe changamano, ina namba yake, 6B41, siyo ile 6B40 ya PTSD, kiwewe cha kawaida. Makundi matatu ya dalili za PTSD mnayakariri vizuri: tukio kujirudia kama linatokea sasa hivi, kukwepa vinavyolikumbusha, mwili kukaa chonjo muda wote. CPTSD inataka hayo yote halafu inaongeza matatu mengine: hisia zisizoshikika, kujiona huna thamani, na kushindwa kuwa karibu na watu. Haya ya mwisho ndo mnayaruka, maana hakuna mteja atakayekuja akwambie "nina taswira hasi ya nafsi". Atasema mimi ni mkosi. Atasema kichwa kinawaka moto, nawaza sana. Binti kapelekwa mjini kufanya kazi za ndani akiwa mdogo, kapigwa miaka, akirudi kijijini hakai na watu, akiguswa kidogo anawaka, bibi anasema ana majini na nyie mnaandika "hana ushirikiano". Tofauti yenu na bibi siioni, tena bibi angalau anampikia.

2. Msihangaike na hofu tu, aibu ndo inakaa muda mrefu. Mtoto anayeumizwa na mlezi wake mwenyewe akikubali kwamba mlezi ni mbaya hana pa kukimbilia, kwa hiyo anaamua mbaya ni yeye, na anakua na jibu hilo. Ndo maana ukimwambia "siyo kosa lako" siku ya kwanza anaitikia ili kukuridhisha. Na habari za "msamehe baba" mwachieni mchungaji, tena kama mteja mwenyewe ameomba.

3. Haya, huko kutulia. Nilipokuwa mgeni kama nyie nilipewa mama mmoja (maelezo yake nimebadilisha), kaishi kwenye ndoa ya kipigo miaka mingi. Mimi nimetoka kusoma tiba ya kukabili kumbukumbu, kichwa kimejaa, nikaona cha kufanya ni aongee yote tumalize. Seshi ya kwanza kabisa, hanijui simjui, nikamwambia mama anza mwanzo usiache kitu. Akaanza. Alikuwa analia anajifuta na ncha ya kitenge, mara akaacha kulia, sauti ikanyooka kama anasoma tangazo la kikao, ule mkono uliokuwa unakunjakunja kitenge ukasimama palepale, macho yako kwenye droo ya mafaili, mimi nauliza yeye "ndiyo mwanangu", nauliza, "ndiyo mwanangu". Nikauliza ilikuwa usiku au mchana, akajibu ndiyo mwanangu. Na bado sikushtuka! Nikaona hofu imeshuka, nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: mteja ametulia. Wadogo zangu, yule mama hakuwepo pale. Alikuwa anafanya kilekile alichokuwa anafanya nyumbani mume akifoka, anaganda na kuitikia, na siku ile anayefoka nilikuwa mimi, kwa upole wangu wote. Tarehe yake ikafika hakuja. Supavaiza akanilazimisha nipige simu, akapokea dadaake aliyekuwa amemleta, akasema tangu siku ile halali, na anaona haya kurudi kwa sababu anadhani kuna kitu amenikosea. Eti yeye ndo kanikosea mimi! Hakurudi kwangu.

Kwa hiyo ukiona mtu anapotea simamisha maswali, mwite jina, akanyage sakafu aisikie, ataje vitu anavyoviona mle chumbani, mkumbushe leo siku gani na mko wapi.

4. Halafu kuna wale waoga, wanamfundisha mteja kupumua mpaka fildi inaisha. Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, mwaka 1992 alitaja hatua tatu za kutibu kiwewe, usalama, kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kwa watu, hakusema mjenge nyumba kwenye ya kwanza, na wapo watafiti wanaobisha kabisa kwamba wengi hawahitaji maandalizi marefu hivyo. Na msiniambie kwetu haiwezekani: NET, tiba ya mteja kusimulia maisha yake, ile ya kamba, mawe kwa mabaya na maua kwa mazuri, ilijaribiwa kwa wakimbizi Uganda, na hapohapo Moshi TF-CBT, tiba ya mawazo na tabia kwa watoto wenye kiwewe, ilifanywa kwa watoto waliofiwa na wazazi, kote huko watoa tiba walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Wewe una digrii unaogopa nini?

5. Madogomadogo. Mteja akae anapouona mlango. Kujiua uliza wazi, hutampandikizia wazo. Diazepam inalaza, haitibu kiwewe. Kama jioni anarudi kwa anayempiga, acheni kumbukumbu, anzeni na plani ya usalama, ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi. Na wewe ukianza kuota kesi za watu usiku njoo uniambie siku hiyohiyo, usisubiri ripoti ya fildi.